Sukari ya Dubow na Mkebe Mwekundu

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda kilichovunjika, umelazwa juu ya mawe mawili nje ya nyumba ya Batulo, hapa Majengo Pumwani. Wanaume watatu wanatosha. Wa nne achuchumae. Asubuhi ile ya mwaka wa themanini, Batulo alikuwa na dele lake la kahawa juu ya jiko na sinia ya kashata za njugu pajani, na kichwa kilikuwa kikimuwanga. Sukari ilikuwa imepotea madukani. Ng'ambo ya barabara, Dubow ndiye pekee aliyebaki nayo, na Dubow hakuuzii kilo mpaka uchukue na mkebe wa rangi ya viatu. Rangi nyeusi ingekuwa afadhali, lakini nyeusi iliisha zamani. Iliyomdodea ni nyekundu, kama ini la mbuzi. Bei ya sukari imepangwa na serikali, imebandikwa mlangoni, na Dubow haongezi hata senti. Faida anaitafuta kwenye mkebe. Sasa Batulo tangu azaliwe havai ila ndara. Mikebe ilipojaa chini ya kitanda, akawafanyia wateja alivyofanyiwa: kikombe cha kwanza kunywa, cha pili mpaka uchukue mkebe. Walipiga kelele siku moja, ya pili wakachukua. Kahawa chungu bila kashata haishuki.

Kiilu akatokea anahema, tai imeruka begani. Ni karani mjini, na kijiwe kilimwita Gazeti kwa sababu kila tangazo la serikali analijua yeye kabla ya serikali.

— Mama Batulo! Ameingia!

— Nani, mkweo?

— Mkaguzi wa bei! Yuko huko chini msikitini, anakuja nyumba kwa nyumba. Anatafuta shahidi, mwananchi mmoja tu wa kusema Dubow anafunga sukari na rangi. Sheria imekataza! Sema wewe, mama, leo alale ndani!

Batulo akazipanga upya kashata kwenye sinia. Kashata ndizo zilizomlisha tangu mumewe amfuate mwanamke wa Nakuru. Dubow akilala ndani, sukari inalala naye.

— Wacha wazimu, Gazeti, akasema Javan, dereva wa lori la mchanga, aliyekuwa amekalia nusu ya benchi peke yake. — Dubow alimshika mama mkono? Soko ni hiari, bana. Hutaki, unapita.

— Napita naenda wapi? akauliza Batulo. — Huko mbele kuna duka gani?

— Basi si kosa la Dubow! Ni hawa kina Kiilu. Wamefunga bei, sukari imekimbilia uvunguni. Fungueni bei muone! Malori yatapigiana honi hapa mlangoni. Mimi mwenyewe nitaileta kutoka kwetu magharibi!

— Uuze bei gani? akauliza Kiilu.

— Ninayotaka!

— Umesikia, mama? Huyu atakuuzia kijiko kwa bei ya beberu wa soko la mbuzi la Kiamaiko.

— Asinunue kwangu! Tukiwa madereva kumi, si tutamgombania kama bibi arusi? Mteja ndiye mfalme!

— Kumi mtakutana baa jioni mpange bei moja.

Javan akajifanya anapuliza kahawa. Ndivyo wanavyofanya na mchanga, na benchi zima linajua.

Hapo Muindi akaingilia. Ni mchonga vinyago wa Gikomba, wanamwita Patasi, na akifungua mdomo mtu huweka kikombe chini kwanza.

— Nyinyi wote mmelala. Sukari haikufichwa. Sukari imechemshwa, ikawa hiyo rangi! Nusa mkebe!

Javan akanusa. — Mafuta ya taa.

— Hapo sasa! Wametia mafuta ya taa ili usijue!

— Mimi nasema, Kiilu akasimama, mkono juu, — kila gunia liwe na askari wake! Askari na daftari! Sukari ikitoka, aifuate mpaka jikoni, aandike imeingia chai ya nani, vijiko vingapi!

— Na huyo askari chai yake atakunywa bila sukari? akauliza Javan.

— Ataandikiwa na askari mwingine!

— Mimi nataka kila kitu huria! Javan naye juu. — Hata mvua! Mwenye wingu lake auze!

— Na wake zetu je? akauliza Muindi.

— Mkeo Nzembi aachwe bei ya serikali, akajibu Javan, hakuna atakayeongeza.

Muindi akainuka na patasi, Kiilu akamshika shati, benchi likapinduka, wakaliweka tena huku wakicheka na kutukanana. Batulo alicheka mpaka kashata zikarukaruka kwenye sinia. Kisha akawaelekezea kijiko.

— Wewe Gazeti unataka niwe shahidi. Wewe Javan unataka nipite. Haya, kesho asubuhi nani kati yenu ananiletea kilo mbili?

Kiilu akakuna shingo.

— Sheria itafuata mkondo wake, mama.

— Na malori yatakuja, mama. Yakisharuhusiwa.

— Basi mimi huyo mkaguzi akija sijui kitu. Nauza kahawa. Dubow simjui, rangi siijui, na nyinyi pia siwajui. Mmesikia?

— Tumesikia, mama.

Na papo hapo wakarudia pale pale, safari hii kama mwenye wingu atahitaji leseni ya halmashauri. Kelele hizo. Mtu mmoja akaja, akasalimia, akachuchumaa mwishoni mwa benchi, akaomba kahawa na kashata. Batulo akammiminia bila kumtazama, maana Javan alikuwa amefika kwenye bei ya radi na hakutaka kuikosa.

— Tamu sana, akasema yule mtu. — Niongeze ya pili, mama.

Batulo akamimina. Mkono mwingine, kama ulivyozoea wiki nzima, ukaingia chini ya sinia, ukatoka na mkebe, ukautua kando ya kikombe.

Mtu akauinua, akaugeuza huku na huku.

— Na hii, mama, ni ya nini?

Ndipo Batulo alipomtazama. Mkoba wa ngozi wenye muhuri wa serikali. Penseli sikioni. Shahidi aliyekuwa akitafutwa amejileta mwenyewe, tena na mkebe wake.

Mgeni akainama, akaangalia uvunguni. Viatu vya ofisi vya Kiilu, vilivyokuwa vyeusi Jumatatu: vyekundu. Mabuti ya Javan: mekundu. Hata akala za Muindi, za tairi la lori, zilikuwa zinang'aa kama ini la mbuzi.

— Bwana, wewe mwenye tai, ni ya nini?

Kiilu alikuwa anatafuta kitu angani. Javan, bingwa wa hiari, akarudisha miguu nyuma ya jiwe. Muindi akavua akala zake, akazikalia.

Ng'ambo ya barabara, mlango wa Dubow ukajifunga taratibu.

— Kahawa imekwisha, akasema Batulo, na dele linafuka moshi mkononi mwake.