Bi Ndimu na Mvinyo wa Mlimani

Mama tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimjua kama Bi Ndimu, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952 katika nyumba ya mawe juu mlimani, mtoto wa tatu wa mpogoaji wa mizabibu na mshonaji wa nguo. Huko umande huganda wakati watu wa bondeni bado wanalala madirisha wazi.

Alisoma shule ya msingi palepale mlimani, kisha akaenda chuo cha kilimo mjini, akahitimu utengenezaji wa mvinyo mwaka 1974.

Mwaka huohuo aliajiriwa na kiwanda kimoja cha bondeni. Kule kwenye joto zabibu nyeupe za Shadonei huiva upesi, mvinyo wake huwa mzito wenye ladha ya nanasi, na mapipa mapya ya mwaloni huuongezea vanila na siagi. Wanunuzi waliupenda. Moyo wake yeye ulikuwa kwenye zabibu hizohizo za kwao mlimani, zinazoiva polepole kwa baridi: mvinyo mwembamba, wenye tufaha bichi, na harufu kama ya jiwe lililonyeshewa. Alipoutengeneza mara ya kwanza, meneja alikunja uso.

"Hii ni ndimu tupu," alisema.

"Ndivyo ulivyo," alimjibu.

Jina likamganda. Mwaka 1981 aliacha kazi, akarudi kwenye shamba la baba yake.

Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na fundi wa mapipa. Watu walicheka: mke hataki harufu ya pipa kwenye mvinyo wake, mume anaishi kwa mapipa. "Sasa mke wangu, mimi nimtengenezee nani?" fundi alimuuliza mezani. Walinuniana msimu mzima. Mwishowe mume alimletea mapipa makuukuu, ambayo mbao zake zilishaishiwa harufu. Humo mvinyo ulilala juu ya mashapo yake ya chachu majira yote ya baridi, ukalainika bila kupoteza ukali. Ndio uliosomesha watoto wao wawili.

Mwaka 2019 homa kali ilimwondolea uwezo wa kunusa. Alikaa chumbani, hataki hata kusikia habari za mvinyo. Siku moja binti yake, kitinda mimba, aliingia na glasi, akaketi kando yake.

"Haya, niambie," mama alisema.

"Tufaha."

"Bichi?"

"Limeanza kuiva, mama. Na chumvi kidogo mwishoni."

"Basi tia kwenye chupa."

"Na kama nimekosea?"

"Utakuwa umekosea wewe. Mvinyo ni wako sasa."

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka 2023. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 4 Oktoba 2024, katikati ya mavuno. Binti alipata habari akiwa shambani. Alilia, kisha akawaomba wachumaji waendelee, kwa kuwa mvua ilikuwa njiani, na mama asingekubali zabibu zilowe kwa ajili yake.

Ameacha mume, mtoto wa kiume, binti, mkwe mmoja, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, na mvinyo wa mwaka huu unaochachuka tangini, ambao hakuna aliyeuonja bado.

Apumzike kwa amani. Kazi yake imepata mwenyewe mpya.