Delbert Kucera, Fundi wa Antena, Anashuka Ngazi

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya kupanda ngazi zetu, Delbert Kucera anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba 1987. Alikataa katakata kuondoka kabla lori la mwisho la mahindi halijapimwa. Alikataa pia karamu, keki na hotuba. Karamu ipo, keki ipo, na hotuba ndiyo hii, kwa hiyo Delbert, kaa utulie.

Alijiunga na Ushirika wa Nafaka wa Lodge Creek mwezi Agosti 1953 kama fundi umeme. Alitengeneza mota za vikaushio vya mahindi, taa za ghalani na kila kitu chenye waya. Redio za CB zilipoingia mashambani, zile unazobonyeza ukaongea na kuachia ukasikiliza, kila nyumba ilitaka mlingoti wake uani, na kila mlingoti ulipogoma aliitwa yeye. Antena yetu ya ofisini iko juu kabisa ya ghala, inasikika wilaya nzima. Vituko vilikuwa majumbani.

Marvin Sladky alituletea redio yake mara nne akilalamika kwamba imekufa, hata jirani wa ng'ambo ya barabara hamsikii. Mara nne Delbert aliipima mezani, na mara nne ilikuwa nzima. Mara ya tano akaenda mwenyewe. Alimkuta Bi. Sladky ameanika ovaroli nane mbichi kwenye nyaya za kushikilia mlingoti, na ya tisa ameibana kwenye antena yenyewe.

“Mama, nguo zimekauka?” akauliza Delbert.

“Bado.”

“Basi tuzisubiri. Zikikauka na mumeo atasikika.”

Ndiyo maana vijana wote wa karakana wanajua usemi wake: usiilaumu redio kabla hujapanda juu.

Ningeweza kuishia hapo, tukacheka, tukala keki. Lakini mimi ni Arlys Benda wa mzani wa malori, na kuna jambo moja nililolishuhudia kwa macho yangu. Nilimwomba ruhusa kuliandika. Alisema, “Andika, ila usinipambe.” Simpambi.

Delbert alikuwa na kaka yake mkubwa, Leonard, aliyeishi peke yake kwenye shamba la baba yao, maili kumi na moja kaskazini. Kila siku ya kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya malori kuanza, Leonard alimwita mdogo wake hewani. Walizungumza nini cha maana? Hakuna! Mvua, nguruwe, magoti yanayouma. Mimi nilikuwa nachemsha kahawa ofisini huku nawasikiliza, na siku yangu ilianzia hapo.

Novemba 1979 Leonard alikata ile safu ya miti ya kukinga upepo aliyoipanda baba yao. Hakumuuliza mtu. Delbert alikwenda, wakagombana jikoni, yakasemwa maneno ambayo ndugu hawapaswi kuambiana. Usiku huohuo ikanyesha mvua ya barafu. Asubuhi yake redio ikawa kimya, na kesho yake, na wiki iliyofuata.

“Mpigie simu,” nikamwambia.

“Anajua nilipo.”

Sisi watu wa huku adabu itatuua. Mtu akinyamaza, tunamwachia kimya chake tukidhani ndiyo heshima. Majirani nao walisema Leonard amenuna, aachwe anune. Delbert aliwasha redio kila asubuhi, akakaa mbele yake mpaka saa moja, mikono magotini, bila kubonyeza hata mara moja. Ilinichoma moyo kumtazama.

Mwezi Machi mto ulifurika, daraja likafungwa, nami nikalazimika kuzunguka kwa barabara inayopita shambani kwa Leonard. Redio ya gari langu ilikuwa wazi. Nilipolikaribia lango lake nikasikia sauti, nyembamba, inakatikakatika.

“Delbert, ni mimi. Umeamkaje, mdogo wangu? Nguruwe jike amezaa kumi na mmoja. Najua unanisikia. Haya, nitakuita tena kesho.”

Nilikanyaga mafuta mpaka ofisini. Delbert alikuwa palepale, mikono magotini.

“Umemsikia?” nikauliza.

“Nimemsikia nani?”

Nilipomweleza alibadilika rangi. Alichukua mita yake, ngazi na kisanduku cha vifaa, nami nikafuatana naye, maana Machi mzani hauna mteja. Leonard alifungua mlango, akasimama katikati yake.

“Umekuja kunikaripia tena?”

“Nimekuja kuangalia antena.”

“Antena haina kosa. Nakusikia kila siku ukiwafokea madereva.”

“Kunisikia mimi si kitu, kaka. Ghala letu linapiga kelele mpaka Kansas. Swali ni kama wewe unasikika.”

Alianza na redio. Mahali pa waya wa antena akachomeka taa yake ndogo ya majaribio, akabonyeza, ikawaka vizuri: redio nzima. Kisha akarudisha waya na kuweka mita katikati. Mshale ukalala kwenye wekundu, maana yake nguvu karibu yote ilikuwa inarudi ndani ya nyumba badala ya kutoka. Akapanda. Alipofungua tepu nyeusi kwenye kiungo cha chini ya antena, maji yalimchuruzika mpaka kiwikoni. Shaba iliyotakiwa kung'aa ilikuwa nyeusi.

Tepu ilikuwa imezungushwa kuanzia juu kwenda chini, kwa hiyo kila mkunjo ulikuwa mdomo wazi unaongoja mvua. Unatakiwa uanzie chini ukipanda, kama unavyopanga vigae vya paa. Hilo Delbert amelifundisha kwa watu wasiohesabika.

“Nani alifunga hovyo hivyo?” Leonard akauliza kutoka chini.

Nikaishika ngazi kwa mikono miwili.

“Mimi,” akasema Delbert. “Septemba. Nilikuwa na haraka.” Kisha akauliza, “Ulikuwa unaniita kila asubuhi?”

“Kila asubuhi. Isipokuwa Jumapili.”

Delbert alilia juu ya ngazi, Leonard akalia chini, na mimi katikati sikujua nimtazame nani. Mchana waya mpya ulikuwa umefungwa, na tepu imezungushwa kuanzia chini.

Walipata asubuhi za miaka sita hivi. Leonard alifariki Februari mwaka jana. Namkumbuka mno, mtu ambaye uso wake sikuuona hata mara kumi. Natamani kusikia habari za magoti yake.

Nyumba ile sasa ni tupu na shamba linalimwa na majirani. Hata hivyo, mwezi uliopita Delbert aliniomba nikamshikie ngazi kulekule. Alifungua kiungo kile, akakikausha, akafunga tepu mpya. Halafu akaunganisha redio ya gari lake na antena ile, mita katikati, akabonyeza bila kusema neno, akautazama mshale wa mita. Haukusogea kuelekea wekundu; nguvu yote ilikuwa inatoka.

“Safi,” akasema. “Angeita, ningemsikia.”

Delbert, ushirika mzima unakushukuru kwa kila nyumba uliyoifanya isikike. Uwe na afya, usingizi mzito na magoti yasiyouma. Ila tambua jambo moja: ukinyamaza siku mbili tu, hatutakuachia kimya chako. Tutakuja kugonga mlango, na tutagonga mpaka ufungue.