Gari la Rukiya na Marehemu Kadiri

Benchi letu liko mbele ya duka la mashine za kufulia nguo, hapa Molenbeek, mtaa wetu wa ugenini. Kila Jumamosi mimi naleta termosi ya kahawa ya tangawizi, wanaume wanaleta midomo. Modeste tunamwita Notaire: alifagia ofisi ya notaire, mwandishi wa hati za sheria, miaka mitatu, akatoka na sheria zote isipokuwa ya kunyamaza. Sultani tunamwita Honi. Jumamosi iliyopita Rukiya alikuja na ufunguo mkononi, amevimba kwa hasira. Yeye na Kadiri, jirani yake tangu Bujumbura, walinunua kamioneti, gari dogo la mizigo, nusu kwa nusu, ya kupeleka vyakula vya harusi. Kwenye kadi ya gari likaandikwa jina la Kadiri peke yake, kwa heshima, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mwezi uliopita tulimzika.

— Watoto wake wanakuja saa nane kulichukua! Rukiya akafoka. Watoto niliowabeba mgongoni! Wananiambia, “Tantine, jina ni la papa wetu.” Na kesho nina harusi Auderghem. Pilau nitalibeba kichwani?

— Bon, Notaire akakohoa. Kisheria, mali ya watu wawili inakatwa katikati. Wewe chukua mbele, watoto wachukue nyuma.

— Nyuma ndiko kwenye masufuria yangu, mpumbavu!

— Alors, chukua nyuma. Haraka haraka haina baraka.

— Na injini? nikamuuliza. Utaikata kwa kisu cha mkate?

Honi akaingilia, mtaa mzima ukamsikia.

— Mie nasema kiti kitoe ushahidi! Miaka saba Rukiya amekikalia, kimeshika umbo lake. Kingʼolewe, kipelekwe kwa juge mahakamani, yeye akae, watu waone. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!

— Methali hiyo imepitia wapi? nikamuuliza.

— Dirishani, maman.

— Non, non, akasema Notaire. Dawa ni ndoa. Aolewe na mtoto wa kwanza wa marehemu, gari libaki nyumbani.

— Yule nimemwogesha akiwa na siku mbili! Rukiya akapiga benchi, vikombe vikaruka. Mimi nafukuzwa kwenye gari langu, ninyi mnacheka?

Mlangoni pa duka alikuwa amesimama mwanamke mgeni, Tatiana, katoka Lubumbashi juzijuzi, anangoja nguo zake.

— Pardon, ba maman. Hamukuandikaka hata karatasi, kama mumoja akikufa, motokari inabakia ya mwenzake?

— Tuliandika, akasema Rukiya. Kadiri aliiandika kwa mkono wake. Tukaileta hapa, kwenye benchi hili, tupate mashahidi wawili.

— Basi ni nani alisaini?

Notaire akachungulia kikombe chake. Siku ile alisema kuandika kifo cha mtu aliye hai ni uchuro. Honi alisema kalamu hiyo itamuua Kadiri kabla ya Ramadhani. Na mimi niliichana karatasi vipande vinne, nikamwambia Rukiya mbele ya watu: unamwombea mwenzio kifo?

Kengele ya kanisa ikalia mara moja. Saa saba.

Rukiya hakuwatazama wale wawili. Alinitazama mimi. Nikammiminia kahawa, nikamnyooshea kikombe.

Hakukipokea.