Neville Sneath na Mstari wa Rangi ya Kucha

Mchungaji, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Cowbit, mafundi wa pampu, na wanachama wote wa Klabu ya Waunda Magari wa Welland, familia imemtuma Leonard Odling, mdogo wake Avril, mjane wa marehemu, awasomee maisha ya Neville Arthur Sneath, na kabla hajaanza anawaomba radhi kwa mambo mawili. La kwanza, mlipofika mlangoni Gillian, binti wa marehemu, aliwaomba funguo za magari yenu akazitia kwenye kopo la biskuti bila kuwaeleza sababu, na la pili, viti viwili hapa mbele viko wazi, kimoja cha Stuart, mwana wa marehemu, na kingine cha Bridget Mowbray wa Sutton Bridge. Yote mawili yatafika mahali pake. Tunaomba asitoke mtu.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 24 Machi 1947 huko Crowland, mtoto wa tatu wa Arthur na Hilda Sneath, wakati kingo za mto zilikuwa zimepasuka na mashamba yote yamegeuka ziwa, maji yakiwa yamefika kwenye droo za kabati la chini, mkunga akapandishwa kwa ngazi kupitia dirisha la juu, na mama yake alizoea kumwambia hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu, "Wewe maji yalikuja kukuchukua nikayanyima, basi usiyachezee, yana kumbukumbu." Watu walicheka, na yeye alicheka nao, lakini hakujifunza kuogelea hadi anaondoka duniani.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Crowland kuanzia Septemba 1952, kisha sekondari mjini Spalding hadi Julai 1962, ambako walimu hawakuwa na lalamiko juu yake isipokuwa moja, kwamba alikuwa akifungua vitu, na aliwahi kurudishwa nyumbani kwa kuifungua saa ya ukumbini, akairudishia, ikaenda vizuri kuliko ilivyokuwa, na viboko akala vilevile.

Tarehe 6 Agosti 1962 aliingia kiwanda cha sukari mjini Spalding kujifunza ufundi chini ya msimamizi aliyeitwa Wilf Cuppleditch, mtu mkali wa maneno machache, na huyo ndiye aliyempa sheria ambayo nusu ya watu waliomo humu wanaijua kama wanavyojua majina yao, "Anayefunga boli siye anayeikaza, kijana, macho yako yanakupenda mno, yatakudanganya." Kiwanda kilipofungwa mwaka 1989 alihamia karakana ya pampu zinazotoa maji mashambani, akafanya kazi huko hadi alipostaafu tarehe 30 Machi 2012, na katika miaka yote hiyo hakuna pampu yake iliyomwaga nati.

Alikutana na Avril mwaka 1968 katika banda la kufungashia maua, alipokwenda kutengeneza mkanda wa kubebea vikapu, akamaliza kazi lakini akawa anazungukazunguka pale na spana mkononi, Avril akamuuliza, "We kaka, hujamaliza tu?" naye akajibu, "Mashine nimemaliza, wewe bado." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Juni 1970, wakajaliwa watoto wawili, Gillian aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1972 na Stuart aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1975, na Avril anasema alijua tangu siku ya harusi kwamba ameolewa na mwanamume na gereji yake, maana bwana harusi alisimama madhabahuni na grisi nyuma ya sikio.

Mwaka 1978 marehemu alinunua chesisi na bodi za gari la kujiundia, vikaletwa kwa lori la viazi vikiwa vipandevipande, majirani wakadhani amenunua mtumbwi, na Alhamisi tarehe 17 Mei 1979 wakakutana gerejini kwake watu wanne wenye ugonjwa huohuo, wakiwamo Clifford Epton na Trevor Dowse mnaowaona hapa, na hiyo ndiyo Klabu. Msomaji huyu hakuwahi kuelewa kwa nini mtu mwenye akili aunde kwa miaka mitano gari lisilo na paa katika nchi ya mvua, na alipouliza alijibiwa na shemeji yake, "Leonard, vyaelea vimeundwa, wewe endelea kununua vilivyoundwa na wengine."

Mliokuwa mkija Alhamisi mnaikumbuka gereji ile, birika lisilopoa, mkate wa plamu wa Avril ulioliwa ukiwa na alama za vidole vyeusi, shuka kuukuu iliyotandikwa chini ya gari ili nati ikidondoka isikimbie, kadibodi iliyotobolewa kwa umbo la injini ili kila boli irudi kwenye tundu lake, gurudumu la akiba lililowekwa ubavuni mwa mtu aliyelala chini ya gari hata kama vigingi vilivyolishikilia viko imara, na beringi zilizolazwa kwenye friza pamoja na njegere ili zisinyae, huku chuma cha kuzipokea kikipashwa moto katika oveni, mpaka Avril akapiga kelele siku moja ya Jumapili, "Neville, nani kaweka breki kwenye nyama yangu?" Hakuna aliyetozwa kitu kwa kufundishwa pale, na hakuna aliyechekwa kwa kutojua, isipokuwa Trevor, ambaye alistahili.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa jambo la mstari. Mwaka ule wa kwanza Avril alikuwa na chupa ya rangi ya kucha ya waridi kali, aliyoinunua akaichukia, na marehemu akaiomba, akaweka utaratibu kwamba boli zote za usukani na breki zikishafungwa na mwenye gari, mwenzake atazikaza kwa spana ya kipimo, ile inayolia ta boli ikifika kiasi kilichowekwa, na wakati huo watu wote watanyamaza, birika litaondolewa motoni, ta isikike, ndipo atachora mstari wa waridi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili nati ikigeuka hata kidogo mstari ukatike na jicho lione. Kila Krismasi Avril alimnunulia chupa mpya ya rangi ileile. Na aliyekaza, kwa heshima, akawa ni Neville, na baada ya spana kulia yeye naye alizoea kuijibu kwa ulimi wake, ta, kama mwangwi, gereji nzima ikapasuka kwa kicheko na birika likarudi motoni. Hivyo zilikuwa ta mbili, ya chuma na ya ulimi, na kwa miaka zaidi ya arobaini hakukuwa na ajali iliyotokana na boli ya Klabu hii.

Ugonjwa ulianza polepole mwaka 2020, chumvi ikaingia kwenye chai, majina ya wajukuu yakabadilishana, na siku moja alikutwa na Avril amesimama katikati ya barabara ya Crowland akimuuliza mwenye trekta njia ya kwenda Crowland. Tarehe 16 Novemba 2021 daktari aliwaeleza wote wawili kuwa ni maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na Januari iliyofuata alirudisha leseni yake mwenyewe, kwa mkono wake, bila kubishana. Hakuna aliyefichwa. Klabu iliambiwa, na Klabu ikafanya jambo ambalo familia iliwashukuru kwa machozi, ilikataa kumweka pembeni, Clifford akawa dereva wake, na kila Alhamisi mtu alipofika mahali pa kukaza alimpa spana na chupa, na alipotokea mwenye wasiwasi, Trevor alisema, "Mwacheni mzee, mikono haisahau, mkimnyang'anya spana mtamzika kabla ya siku zake." Sote tuliliamini neno hilo, na msomaji huyu alilirudia mwenyewe mezani kwake.

Mwezi Aprili mwaka huu gari la marehemu lilibadilishwa mkono wa usukani, kile chuma kinachogeuza magurudumu, Clifford akaifunga boli kwa vidole kama sheria inavyotaka, akampa marehemu aikaze, na Avril, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe akisubiri wanyamaze wamalize, alisikia ta moja tu, kisha kicheko. Alidhani spana mpya hailii sana. Mwezi Mei alisikia hivyo tena, safari hiyo ilipokuwa zamu ya gari la Bridget, binti wa mwisho kuunda gari katika gereji ile, ambaye marehemu alikuwa akimwita "mjukuu wangu wa chuma," naye akamjibu, "Babu, kaza vizuri, nina mtoto wa kulea."

Jumapili tarehe 8 Septemba 2024 marehemu na Clifford walikuwa wakirudi kutoka kwenye maonyesho ya Stamford, Clifford akiendesha, na kwenye kona ya mfereji wa Vernatt usukani ulizunguka mkononi mwa Clifford bila gari kumfuata, wakaingia majini. Clifford alitoka, akarudi ndani ya maji mara mbili akiwa na mkono uliovunjika, na marehemu alipotolewa na wazimamoto alikuwa amekwisha kukata roho. Basi maji yaliyonyimwa mwaka 1947 yalingoja.

Tangu siku hiyo yamesemwa mengi juu ya Clifford kwenye foleni ya posta na kwenye kaunta ya baa, "Yule mzee na mwendo wake, alikuwa akishindana na nani?" naye ameyasikia, ameacha kula, na leo amekaa safu ya mwisho karibu na mlango kama mtu asiyealikwa. Familia inasema mbele ya jeneza hili kwamba Clifford Epton hana kosa, na inamwomba aje mbele akae na Avril.

Hapo ndipo historia hii ilipokuwa imeishia jana, na maneno yanayofuata, pamoja na yale ya funguo, ya viti na ya ta moja, yameandikwa leo asubuhi. Mkaguzi wa polisi alimpigia Avril simu akiwa anavaa, magari yenu yakiwa tayari njiani kuja, akamwambia kuwa boli ya usukani imekatika, lakini mstari wa waridi juu yake umenyooka, haukuguswa. Avril hakuhitaji kufafanuliwa, ila kwa wasio wa Klabu tutasema wazi, kwamba nati zile zina pete ya plastiki ndani inayozizuia kujifungua, kwa hiyo nati isiyokazwa hukaa palepale, mstari haukatiki, na boli inachezacheza ndani ya tundu lake siku baada ya siku mpaka inakatika. Mstari ulionyooka juu ya boli iliyokatika maana yake ni moja. Haikukazwa kamwe. Ta aliyoisikia Avril ilikuwa ya ulimi.

Na mistari hiyo iko chini ya magari mliyokuja nayo, na hakuna anayejua ipi ni ya kweli, maana kwa macho yote ni sawa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Stuart alitaka jambo hili lisisemwe leo, alimwambia mama yake pale jikoni, "Mama, siku ya kumzika baba ndiyo unataka watu waondoke wakimwita muuaji?" na Avril, huku magari ya kwanza yakisikika yakiingia uani, alimjibu, "Jina la mtu halipandi gari, Stuart. Watu ndio wanaopanda." Stuart akauliza nani bado hajafika. Ilipoonekana ni Bridget, na simu yake inaita haipokelewi, maana ndani ya gari lile husikii kitu ila upepo, Stuart alichukua gari la kazi akaondoka kuelekea Sutton Bridge kumzuia njiani, na polisi nao wameambiwa. Ndiyo sababu ya viti viwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwangalia marehemu kwa upole, wazimamoto walioingia majini, majirani wa Cowbit walioleta pai na supu hata jiko likakosa nafasi, na mafundi wenzake wa pampu, ambao baadhi yao wakati huu wamepanga meza na spana huko nje. Inaishukuru Klabu, kwa dhati, kwa sababu mlimpenda hadi mwisho, na upendo huo Avril anasema haubatilishwi hata na yanayosemwa leo. Mtakapotoka, hakuna atakayewasha gari. Kila mmoja akaze la mwenzake, wote wanyamaze, spana isikike, na mstari wa zamani ufutwe kwanza. Avril amekuja na chupa ya mwisho mkobani, ataketi pale nje na koti lake, na boli itakayolia yeye mwenyewe ndiye atakayeichora.

Neville, shemeji, pumzika, kukaza sasa ni kazi yetu. Na ninyi mliobaki, tunyamaze kidogo kama tulivyokuwa tukinyamaza gerejini, tusikilize kama kuna gari linaingia.