Alama za Piko

(Jumapili, saa kumi na dakika tano alasiri. Simu inaita Kisarawe. Inapokelewa mlio wa nne.)

YAHYA: Haloo? Nani mwenzangu?

SHAMSIA: Shamsia, kaka. Shikamoo.

YAHYA: Marahaba, daktari wa Kibaha!

SHAMSIA: Mimi wa mazoezi ya viungo tu. Mkono vipi?

YAHYA: Safi. Alama imefika sentimita tisa toka kwenye kovu. Nimeshapokea oda ya sare za —

SHAMSIA: Vidole vinashika sindano?

YAHYA: Bado.

SHAMSIA: Nani anapima?

YAHYA: Wifi yako Raudha. Nafumba macho, anagonga mkono kushuka toka kwenye kovu, nikisikia shoti nasema "hapo", anaweka alama neva ilipofika. Kalamu ilikuwa inatoka na udhu, siku hizi anatumia piko.

SHAMSIA: Leo pima mwenyewe. Tepu unayo?

YAHYA: Fundi cherehani bila tepu? Si bora nitembee uchi!

SHAMSIA: Anzia kiganjani, gonga ukipanda kwenye kovu. Macho wazi.

YAHYA: Tisa... hamna. Saba... hamna. Tano... Shamsia, mtandao unakwaruza —

SHAMSIA: Nakusikia. Endelea.

YAHYA: Ah! Shoti.

SHAMSIA: Toka kwenye kovu, ngapi?

YAHYA: Mbili.

SHAMSIA: Rudia.

YAHYA: Mbili. Mbili si ndiyo tuliyopima ile Ramadhani?

SHAMSIA: Ndiyo. Sikiliza. Neva ikikatika, kuna jeni zinaamka, zinaiamuru iote tena. Haziamki milele. Miezi ikipita neva haijafika, zinalala, na njia inajifunga. Bati lilikukata miezi mitano iliyopita. Kwa namba zenu nilimwambia daktari asubiri, asikupasue tena.

YAHYA: Na sasa?

SHAMSIA: Itabidi afungue tena, haraka. Nafasi ipo, ila imepungua. Na mimi nilipima kwa simu. Hilo kosa langu.

YAHYA: Raudha!

SHAMSIA: Usimfokee.

YAHYA: Yuko mlangoni, kasikia yote. Anasema... mimi nilikuwa silali kwa hofu. Kila Ijumaa akisogeza alama kidogo, nalala.

SHAMSIA: Kesho saa moja asubuhi muwe hapa Kibaha. Wote wawili. Daktari asizione hizo alama, zitamchanganya.

YAHYA: Kachukua sabuni na dodoki. Anasugua.

SHAMSIA: Kaka, salio linaisha —

YAHYA: Haitoki, Shamsia. Ni piko.

SHAMSIA: Saa moja. Umesi —

(Simu imekatika.)