Kopo la Mama Mlenda

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Esnath, mtengeneza sabuni wa Mafinga. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Mlenda. Tumemzika Jumamosi.

Esnath alizaliwa milimani huku Mbeya. Akaolewa Mafinga, mkoani Iringa, na Bartholomeo, fundi wa mashine ya mbao. Sabuni yake ilianzia kwenye mikono ya huyo mume.

Mnaopasua mbao mnajua. Utomvu wa msonobari hautoki kwa maji. Bartholomeo alikuwa akiutoa kwa petroli, kisha anasugua kwa sabuni ya unga. Mikono ikapasuka. Hata kumega ugali ikawa shida. Esnath akakumbuka alivyofanya bibi yake. Akachoma maganda makavu ya maharage, akachuja maji kwenye majivu yake, akayachemsha pamoja na mafuta ya alizeti.

"Ile ya kwanza ilinichoma kuliko petroli," Bartholomeo aliniambia msibani, anacheka huku machozi yanamtoka. "Nikamwambia, mke wangu, unataka kunichuna?"

Maji ya majivu yalikuwa makali mno. Esnath akapunguza majivu, akaongeza mafuta. Tangu hapo kila sufuria aliijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Na mikono ya mumewe ikapona.

Sabuni ile haikuganda ikawa mche wa sabuni. Ilikaa kwenye kopo, ya kahawia, inavutika, unaichota kwa kijiko. Haikuwa na marashi. Wanawake sokoni walimcheka.

"Esnath, hii ni ya kuogea au ni mlenda, mboga ya ugali?"

"Onja," akawajibu. "Ikikushinda, oga."

Hapo ndipo lilipoanzia jina la Mama Mlenda.

Mtu mmoja tu aliikataa sabuni hiyo moja kwa moja, na ndiye ambaye Esnath alitaka aikubali kuliko wote. Ni Tumpe, mwanaye wa pekee. Alipochumbiwa na Gwakisa wa Chimala, alisema, "Mama, siwezi kuolewa nanuka majivu."

Kwetu, bibi harusi kabla ya sendoff, sherehe ya kumuaga kwao, anakuwa mali ya mashangazi. Wao ndio wanaomwandaa. Shangazi Veneranda, dada yake Bartholomeo, akamletea sabuni ya kung'arisha ngozi. Paketi haikuonyesha imetengenezwa kwa vitu gani. Nasema bila kuzunguka: baadhi ya sabuni hizo zina zebaki. Zebaki ni sumu. Veneranda hakuwa na nia mbaya. Alitaka mtoto apendeze.

Mwanzoni Tumpe aling'aa kweli. Kisha mashavu yakabanduka, chini ya macho pakawa peusi. Akajifungia chumbani. Akasema sendoff haipo, na Gwakisa atafute mwingine.

Ndugu wakamwambia Esnath, "Si umpake ya kwako?"

Akawakatalia. "Sabuni si dawa. Twende hospitali."

Hospitali wakamwambia Tumpe aache ile sabuni, wakampa matibabu. Esnath hakumwambia hata mara moja, "Nilikuonya."

Sendoff ikafanyika. MC nilikuwa mimi. Tumpe aliketi amejifunika shela mpaka kidevuni. Watu wakapita na masufuria na vitenge. Ikafika zamu ya mama mzazi. Esnath akaingia anacheza, kopo la sabuni kichwani. Ukumbi mzima ukalipuka: "Mama Mlenda! Mama Mlenda!" Veneranda akainamisha uso.

Tumpe akasimama. Akafunua shela, na mabaka yake yote, mbele ya wakwe. Akapokea kopo kwa mikono miwili.

"Nichekeni na mimi," akasema. "Naenda nalo Chimala."

Gwakisa ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mabaka yale hayajaisha yote. Tumpe hayafichi. Akiulizwa, anaeleza.

Jumamosi, baada ya kuzika, tulinawa mikono kama kawaida. Tumpe aliweka kando ya beseni kopo la mwisho alilopika mama yake. Kila mtu akachota kidogo, akatoa udongo wa kaburi. Veneranda alinawa taratibu, mpaka viwiko. Bartholomeo akaja wa mwisho, kopo limeshakwisha. Tumpe akalikwangua kwa kidole kuzunguka ndani, akapata kidogo, akampaka baba yake mikononi. Akamnawisha yeye mwenyewe, kidole kwa kidole.

Pole sana, mzee Bartholomeo. Pole Tumpe, pole Gwakisa, pole shangazi Veneranda. Mungu ampumzishe mama yetu.

Na wewe unayenisikiliza, leo kabla ya kuoga, shika sabuni yako usome imetengenezwa kwa vitu gani. Kama haisemi, jiulize kwa nini inaficha. Ngozi ni yako, na ya wanao.

Tangazo dogo la kumalizia, nimetumwa. Wakulima wa Mbeya na Iringa, mkishapura maharage, msitupe maganda. Tumpe anayataka.