Matone kwa Pacha Mmoja

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, asanteni kwa kunipa nafasi. Kusoma nimejifunza mwenyewe, na maneno haya nimeyafuta na kuyaandika upya hadi karatasi ikatoboka. Nikikosea, mnivumilie.

Nina mapacha, Bukuru na Butoyi. Nyumbani kwetu hapa Makere, pacha mmoja akinywa dawa tulihesabu wote wamekunywa. Wahudumu wa afya walipokuja na chanjo ya polio, Butoyi alikuwa na homa. Mama mkwe akasema, "Mpeleke Bukuru. Wamelala tumbo moja, itamfikia mwenzake."

Nesi akamdondoshea Bukuru matone mdomoni. Waliporudi tena na tena, nilimpeleka yeye tu. Niliona nimeanza vizuri, nisivuruge.

Mvua zilipoanza, Butoyi alipata homa kali, kisha mguu wake ukalegea. Ndugu zangu, nawaambia, sikulia. Nilichekecha unga ambao nilikwisha kuuchekecha. Bukuru alilala naye mkeka mmoja, akala naye sahani moja, asidhurike. Kisimani wakasema, "Huyu kampa mmoja miguu ya mwenzake." Nikajaza ndoo, nikaondoka.

Nikamzaa Kiza, anayewafuata mapacha. Mama mkwe akakataa: "Huyu hapelekwi. Dawa ile imetutenganishia watoto."

Nikambeba Butoyi hadi Kasulu, nikamwuliza nesi mmoja, mtu wa Kibondo, kwa nini dawa ya Bukuru haikumfikia mwenzake. Akanijibu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiha, lugha yetu, ili nisikie vizuri: "Mama, dawa humkinga aliyeimeza. Mapacha nao, kila mmoja ana tumbo lake. Mlete huyo mdogo. Na Butoyi naye apewe."

Sikusikia uchungu wala nafuu. Nilirudi nikayasema yote.

"Kwa hiyo ni mimi?" mama mkwe akauliza.

"Ni sisi, mama. Wanakuja tena wiki hii."

Siku ilipofika, mama mkwe ndiye aliyembeba Kiza. Mtoto akatema. Mama mkwe akapiga kelele, "Mwongeze, binti yangu! Babu yake hakuwahi kutema kitu!" Foleni nzima ikacheka. Kiza akameza, na safari zote zilizofuata akameza.

Namshukuru nesi yule. Namshukuru mama mkwe, amekaa pale nyuma. Wenye mapacha, njooni na wote. Mwenye homa msimwache nyumbani, mwonyesheni nesi.

Mimi bado sijalia. Ila Kiza sasa anakimbia uani, na Butoyi humfuata akitembelea fimbo, akimtukana. Jana nilisimama mlangoni kuwaangalia, mboga ikaungua jikoni, nikaiacha iungue.